Waya Mmoja wa Ziada

Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Dar es Salaam, wameshauugua bila kuujua jina. Ni saa tano asubuhi, wateja wa mikoani wamejaa, kila mtu anataka mzigo wake ufungwe awahi basi. Mara kompyuta za jengo zima zinaganda. Risiti ya kodi ya VFD haitoki. Kamera za ulinzi zimekwama kwenye picha moja. Anayeuza vitenge chini anapaza sauti kwamba netiweki imekata, wa ghorofa ya tatu anaitikia kwamba hata kwake, na baada ya dakika tano jengo zima limekubaliana kwamba mkosaji ni kampuni ya intaneti. Simu zinapigwa, maneno makali yanatoka. Kumbe kampuni ya watu haina kosa. Mkosaji ni waya wa mita moja na nusu uliokuwa ukining'inia nyuma ya meza, ambao kijana wa usafi aliuona hauna kazi, akaona heri auchomeke penye tundu wazi.

Ncha moja ya waya huo ilikuwa tayari kwenye swichi. Ncha ya pili kijana kaichomeka kwenye swichi ileile. Basi, hicho ndicho kitanzi, na kimoja kinatosha kuzima netiweki ya jengo la ghorofa nane.

Ili tuelewane, tupande ngazi za jengo la kawaida la Kariakoo, liwe Mtaa wa Aggrey, Likoma au Narung'ombe, haidhuru. Chini ni fremu za maduka, mlango kwa mlango. Juu yake stoo. Juu ya stoo kuna ofisi za mawakala wa mizigo ya China na Dubai, na juu kabisa pengine nyumba ya wageni. Fiba inaingia kwa mlango wa nyuma, inafika kwenye kifaa cha kampuni ya intaneti, na kutoka hapo inakuja swichi, kile kisanduku chenye matundu 5, 8 au 24 kinachogawa netiweki kwa wapangaji. Kutoka kwenye swichi hiyo waya unapanda na ngazi, umefungwa kwa kamba za plastiki kwenye bomba la maji, hadi swichi ya ghorofa ya pili. Ya pili inailisha ya tatu, ya tatu inailisha ya nne, hivyo hivyo hadi juu. Kila mpangaji anakuja na fundi wake. Fundi wa leo hamjui fundi wa jana, na hakuna hata mmoja aliyeacha mchoro.

Swichi yenyewe tabia yake ni ya winga, yule dalali wa Kariakoo. Mteja anataka koki ya shaba ya inchi moja, winga hajui nani anayo. Anauliza kila duka la jirani. Akishajua koki ziko kwa fulani, kesho haulizi tena, anakwenda moja kwa moja. Swichi nayo ikipokea pakiti ya data huangalia daftari lake: mashine yenye namba hii iko tundu lipi? Ikiijua, pakiti inapelekwa huko tu. Isipoijua, au kama pakiti yenyewe ni tangazo la watu wote, inaimwaga kwenye matundu yote isipokuwa lile ilikotokea. Na kompyuta zetu hutoa matangazo ya namna hiyo mchana kutwa: nani ana anwani hii, printa iko wapi, nani anagawa anwani humu ndani.

Sasa waweke mawinga wawili, mmoja Mtaa wa Congo na mwingine Mchikichi. Kila mmoja hupeleka mbele swali lolote analolisikia, na hakuna anayekumbuka kwamba swali hilohilo lilimpitia dakika iliyopita. Njia kati yao ikiwa moja, swali linafika na kuisha. Zikiwa mbili, swali linakwenda kwa njia ya kwanza, linarudi kwa ya pili, linapokelewa kama jipya, linatumwa tena. Koki imeshanunuliwa, mteja yuko ndani ya basi la Morogoro, swali bado linazunguka. Na kila mara linapopita, linapigwa kelele mlangoni mwa kila duka.

Binadamu angechoka. Swichi haichoki, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Pakiti za intaneti zinazosafiri kutoka mtandao mmoja hadi mwingine zimewekewa umri: kila ruta inayozipitisha hupunguza moja kwenye hesabu yao, na hesabu ikifika sifuri pakiti inatupwa. Lakini ndani ya jengo, swichi zinapopeana data kwa utaratibu wa Etheneti, umri huo haupo. Etheneti ilibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, nayo siku zile ilikuwa waya mmoja mrefu ambao mashine zote ziliunganishwa humo. Kitanzi hakikuwamo katika mawazo ya mtu. Urithi wa wazo hilo tunao mpaka leo: pakiti ikiingia kwenye duara, haina siku ya kufa.

Waya wa megabiti 100 kwa sekunde, kasi ya visanduku vingi vya bei poa, hubeba takriban pakiti ndogo 148,800 kila sekunde. Waya wa gigabiti 1 hubeba mara kumi ya hizo. Kitanzi kinaweza kuujaza waya wote kwa matangazo yaleyale, na matangazo hayo hayana budi kusomwa na kila mashine iliyounganishwa. Ndiyo maana hata kompyuta ambayo haikuwa ikitumia intaneti nayo inakuwa nzito, na kinasa picha cha kamera kinakwama. Daftari la swichi nalo linavurugika, kwa sababu sasa hivi pakiti za mhasibu zinatokea tundu la 3, na kufumba na kufumbua zinatokea tundu la 7. Mafundi huiita hali hii dhoruba ya matangazo. Nje mvua hakuna.

Mtu atasema dawa ni rahisi: piga marufuku waya wa pili. Mimi sikubaliani naye. Waya wa pili ni kitu cha maana sana katika jengo la Kariakoo. Panya wapo. Fundi bomba yupo, na akija kubadilisha bomba hasiti kukata kamba zote zilizolizunguka. Halafu kuna jambo ambalo wenye majengo hawapendi kulisikia: swichi ya ghorofa ya pili imechomekwa kwenye umeme wa mpangaji wa ghorofa ya pili. Siku umeme wake wa LUKU ukiisha naye amesafiri kwenda Guangzhou, ghorofa zote za juu yake hazina netiweki. Kama kungekuwa na waya mwingine unaopanda kwa upande wa pili wa jengo, wasingejua hata kama kuna kilichotokea.

Faida ya njia ya akiba nchi nzima iliiona Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, pale mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu kwa pamoja na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Wenye njia nyingine ya kutokea walihema. Wasio nayo walingoja. Mikongo ya baharini ina taratibu zake za kuongoza data, ambazo si mada ya leo, ila haja ni ileile: njia ya pili iwepo.

Kwa hiyo tatizo ni hili. Tunataka njia mbili ziwepo, lakini data ipite kwenye moja tu, na ile ya kwanza ikikatika ya pili ifunguke yenyewe bila mtu kupanda ngazi. Nani atazisimamia swichi, ilhali kila moja inaona matundu yake tu na hakuna yenye ramani ya jengo?

Jibu lilipatikana mwaka 1985. Kwetu huo ni mwaka ambao Mwalimu Nyerere aling'atuka na Mzee Mwinyi akaapishwa mwezi Novemba, na milango ya biashara ikaanza kufunguka, mpaka Kariakoo ikawa hii tunayoijua. Kompyuta nchini zilikuwa za kuhesabika, kwani mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza bila kibali. Huko Marekani, katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, mwanahisabati Radia Perlman alipewa na bosi wake kazi ambayo wengi waliiona ngumu: tafuta namna vifaa hivi vikubaliane vyenyewe njia ipi itumike. Mama huyo aliimaliza kwa muda mfupi kiasi kwamba alibaki na nafasi ya kuutungia utaratibu wake shairi la utani, akaliweka katika makala yake ya kisayansi. Waswahili tunaojua kutunga kwa kila jambo tungemwelewa. Mwaka 1990 chama cha wahandisi cha IEEE kiliufanya utaratibu huo kuwa kiwango cha dunia, namba 802.1D. Mafundi wanauita kwa herufi tatu, STP.

Unavyofanya kazi, msikilizaji, si vigumu kufuata. Swichi zinapowashwa, kila moja inajitangaza kwa jirani zake: mimi ni namba fulani, najiona mimi ndiye mkuu. Inayosikia namba ndogo kuliko yake inanyamaza na kuanza kumtaja huyo mwenye namba ndogo. Baada ya sekunde chache wote wanamtaja mmoja. Huyo ndiye mzizi. Kisha kila swichi inapiga hesabu ya gharama ya kufika kwenye mzizi kwa kila njia iliyonayo. Katika jedwali la zamani linalotumika sana, waya wa megabiti 100 una gharama 19, wa gigabiti 1 una gharama 4, kwa hiyo njia ya waya wa kasi hushinda. Tundu la njia iliyoshinda linabaki wazi. Njia nyingine yoyote ambayo ingekamilisha duara inafungwa upande mmoja. Kinachobaki ni mti: mzizi, matawi, majani, na kati ya jani na jani ipo njia moja tu. Kwenye mti hakuna mzunguko.

Tundu lililofungwa haliko usingizini. Halipitishi data ya mtu, lakini linasikiliza. Kila baada ya sekunde 2 mzizi hutoa salamu, na salamu hiyo husambazwa kwenye mti wote. Salamu zikikosekana kwa sekunde 20, swichi inajua njia imekatika, na hesabu inapigwa upya. Tundu lililokuwa limefungwa linapita hatua mbili za tahadhari, sekunde 15 kusikiliza na sekunde 15 kujifunza, ndipo linaanza kupitisha. Jumla inaweza kufika sekunde 50. Mwaka 1985 hilo lilikuwa jambo la ajabu. Leo mteja aliyeshika simu akisubiri malipo yakubali anaona ni karne nzima, na ndiyo maana mwaka 2001 ulitoka utaratibu wa haraka zaidi, RSTP, ambao ukipangwa vizuri huhama njia ndani ya sekunde chache au pungufu ya sekunde moja. Ukinunua kifaa leo, huo ndio wa kuulizia.

Hapa sasa nina ugomvi na mafundi wetu. Nilisema mwenye namba ndogo ndiye mzizi. Namba hiyo ina sehemu mbili: ya kwanza ni kipaumbele, ambacho fundi anaweza kukibadilisha, na kiwandani kimewekwa 32768 kwa swichi zote. Ya pili ni namba ya utambulisho ambayo kifaa kilipewa tangu kiwandani. Fundi asipogusa kipaumbele, swichi zote zinalingana, na mshindi anaamuliwa na namba ya kiwandani. Na namba ndogo mara nyingi ni ya kifaa kikuukuu. Matokeo yake, jengo limenunua swichi mpya ya gigabiti, imewekwa vizuri kwenye kabati lenye feni, lakini mzizi wa mti ni kisanduku chakavu cha megabiti 100 kilicho chini ya ngazi ya ghorofa ya nne, juu ya katoni za sabuni. Data ya ghorofa zote inapinda kukipitia hicho. Netiweki inafanya kazi, haijafa, ila iko taratibu kila siku, na hakuna anayejua kwa nini. Kutibu hilo ni amri moja ya kuandika: kipaumbele cha swichi kuu kishushwe, tuseme hadi 4096. Ni kazi ya dakika moja, nayo haifanywi.

STP pia ina mipaka yake, na waliolipia somo hilo kwa gharama kubwa ni hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani. Novemba 2002 netiweki ya hospitali hiyo iliwasumbua kwa takriban siku nne. Ilikuwa na STP, vifaa vilikuwa vya kampuni yenye jina, wataalamu walikuwapo. Lakini netiweki yenyewe ilikuwa imekua kwa viraka, idara baada ya idara, jengo baada ya jengo, hadi swichi zilizofuatana kwa mstari zikapita kiwango ambacho utaratibu huo ulikusudiwa. Mapendekezo ya kawaida ni zisizidi 7 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Siku mtafiti mmoja alipopitisha data nyingi mno, swichi zikashindwa kusikilizana, njia zilizofungwa zikafunguka, na vitanzi vikazaliwa. Madaktari walirudi kwenye karatasi, na vipimo vya maabara vikapelekwa kwa miguu. Uongozi wa hospitali haukuficha, ulisimulia yote hadharani ili wengine wajifunze.

Nikisikia habari hiyo naziona zile ngazi za Narung'ombe. Swichi ya ghorofa ya pili inalisha ya tatu, ya tatu inalisha ya nne, na kila mpangaji mpya anaongeza kisanduku chake mwishoni. Viraka vyetu ni vilevile, tofauti ni kwamba sisi hata hiyo STP mara nyingi hatuna. Visanduku vya matundu 5 au 8 vinavyouzwa kwa wingi kuanzia Kariakoo hadi maduka ya katikati ya mji, Samora na Kisutu, vingi vyake havina utaratibu huu kabisa. Unachomeka umeme, vinafanya kazi, na hakuna pa kupanga kitu. Sisemi visinunuliwe. Kwenye meza ya mtu mmoja mwenye kompyuta na printa vinatosha kabisa. Kosa ni kuvifanya uti wa mgongo wa jengo.

Kinachotakiwa ni kwamba swichi inayogawa kwa ghorofa iwe na akili ya STP, na matundu yanayokwenda kwa wapangaji yawekewe ulinzi. Ulinzi wenyewe ni huu: tundu la mpangaji halitarajiwi kusikia salamu za STP, kwa sababu huko kuna kompyuta tu. Likizisikia, ni dalili kwamba mtu kaunganisha swichi yake mwenyewe au kafanya kitanzi, na salamu zimezunguka zikamrudia aliyezituma. Swichi inalifunga tundu hilo papo hapo. Mpangaji huyo anakosa netiweki, wengine thelathini wanaendelea kuuza. Ulinzi huohuo unamzuia mtu mwenye nia mbaya asichomeke kifaa chenye namba ndogo, akajifanya mzizi na data za watu zikampitia. Mahali penye pesa kama Kariakoo, hilo si la kudharau.

Na kama ugonjwa umeshaingia? Tazama taa za swichi. Siku ya kawaida zinawaka na kuzima kila moja kwa mwendo wake. Siku ya kitanzi zote hupepesa kwa pamoja, kwa kasi, bila kupumzika, hata za matundu yasiyo na kazi kubwa. Usizime umeme na kuwasha, kwa sababu kitanzi kitakungoja palepale. Nenda kwenye swichi kuu, chomoa waya wa ghorofa moja baada ya mwingine, ukingoja kidogo kila mara. Waya ambao ukiutoa taa zinatulia, ugonjwa uko ghorofa hiyo. Panda huko ufanye vivyo hivyo. Utaikuta ile ncha iliyochomekwa na mtu mwenye nia njema.

Wa kulaumiwa katika haya yote, kwa maoni yangu, ni mwenye jengo kuliko kijana wa usafi. Ngazi, umeme wa koridoni na lifti anavisimamia. Netiweki amewaachia wapangaji, kana kwamba waya zinazopita kwenye kuta zake hazimhusu. Swichi za ghorofa zinapaswa kuwa chini ya mtu mmoja, kwenye kabati linalofungwa kwa ufunguo, kwenye umeme wa jengo na si kwenye LUKU ya mpangaji, na mchoro wake ubandikwe ndani ya mlango wa kabati. Mafundi wa kazi hiyo hawako mbali. Chuo cha teknolojia cha DIT kipo pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed, ni mwendo wa miguu kutoka Mnazi Mmoja, na vijana wake wanatafuta kila mwaka mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo.

Mwenye jengo unayenisikiliza, kesho mwite fundi wako umuulize swali moja: katika jengo hili, swichi ipi ndiyo mzizi? Akikuonyesha kwa kidole na kukueleza kwa nini ni hiyo, mlipe vizuri umshike. Akianza kukuambia tatizo ni kampuni ya intaneti, tafuta fundi mwingine.